Jointi ya Mferejini

Jumatatu, 9 Juni

Leo tumewasha. Mashine zote ishirini na nne za mstari wa mashariki zinanguruma, na hata sasa nikiwa nyumbani masikio bado yanavuma. Naanza daftari hili kwa sababu moja tu: mwaka jana nilibishana na Mzee Mwandu kuhusu siku mota namba tisa ilipokufa, nikashindwa kwa kukosa maandishi. Safari hii nitabishana nikiwa nayo.

Mimi ni Milembe, fundi umeme wa pili katika kiwanda hiki cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Wa kwanza ni Mzee Mwandu, fundi mkuu, aliyenifundisha kazi tangu nikiwa siwezi hata kushika bisibisi sawasawa. Kanifundisha pia kila Jumatatu saa nne kushuka kwenye mfereji, chini ya sakafu ya mashine, kuiangalia jointi. Kebo kubwa ya mstari huu ilikatika msimu uliopita, tukaiunga pale pale, tukaibana kwa nyundo kwa kukosa koleo la kubania. Basi kila Jumatatu tunaweka sindano mbili za mita, moja huku na moja huku ya jointi, tunasoma volti ngapi zinapotelea hapo. Kanuni ya Mzee ni fupi: isizidi volti moja. Tunaandika kwenye rejesta, naweka sahihi, basi.

Leo ni 0.6.

Kwa raha zangu nikapiga hesabu. Kila mashine inakula ampea tano, kwa hiyo ishirini na nne ni ampea 120. Volti 0.6 gawanya kwa 120, ukinzani wa jointi ni omu 0.005. Volti 0.6 mara 120, joto lake ni wati 72. Nikamwambia Mzee, akacheka, akaniita mayu, mama, kama kawaida yake. "Balbu moja ya zamani chini ya sakafu, mayu. Itamuunguza nani?"

Jumatano, 11 Juni

Nimemfokea Ndaki, mfagiaji wetu, mbele za watu. Nimemkuta anatoka getini ananuka sigara, anaingia moja kwa moja kwenye chumba kilichojaa vumbi la pamba. Akaapa kwamba kavutia nje, na kwamba hata akilewa hawezi kuwasha kiberiti humu. Nikamwambia siku akituunguza nitamfufua nimuue tena. Watu wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote, akaniita afande.

Jumatatu, 16 Juni

Mashine 24 asubuhi, lakini pamba imekata saa nane. Jointi 0.6.

Alhamisi, 19 Juni

Wakulima wamegoma kuuza. Wanasema bei ni ya kuwatukana, na pamba haiozi, watakaa nayo ndani. Baba yangu naye kakijaza chumba cha wageni mpaka dirishani. Sisi tunafagia sakafu iliyokwisha fagiliwa.

Jumatatu, 23 Juni

Mashine 12 tu. Jointi 0.6, ile ile. Mzee kaweka kiganja juu ya kifuniko cha sanduku la jointi, akaniambia niguse na mimi. Kweli, pamepoa kuliko wiki ya kwanza. "Imetulia," akasema. Nikaweka sahihi.

Jumatatu, 30 Juni

Mashine 12. Jointi 0.7. Nina mafua.

Jumanne, 8 Julai

Jana ilikuwa Sabasaba, kwa hiyo tumepima leo. Mashine 8. Jointi 0.6, imeshuka! Mzee kafurahi kama mtu aliyeponyesha ng'ombe. Meneja wetu, Anatoli, anazunguka na simu sikioni kutwa, shati limelowa jasho. Nilimwambia Ndaki kwamba yule bwana angejua kufanya kazi ya mikono angetulia. Anatoli akasikia. Sijali.

Jumatatu, 14 Julai

Mashine 8. Jointi 0.8. Bado iko chini ya moja. Sahihi.

Jumamosi, 19 Julai

Bei imepanda, na malori yameanza kuingia. Yamepanga foleni tangu getini mpaka njia panda, mengine yametoka Mwandoya na watu wamelala juu ya magunia. Jumatatu tunawasha zote ishirini na nne.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka kanisani, nimekula, nikakaa na daftari hili nipitie msimu ulivyokwenda, nicheke kidogo. Sikucheka.

Rejesta ya kiwandani ina safu moja: volti. Haina safu ya ampea. Haikuwa na haja, kwa maana miaka yote Jumatatu ilikuwa siku ya pamba tele, mashine zote zinakimbia, ampea 120 kila mara. Mzee aliweka kanuni yake kwa siku za namna hiyo. Mwaka huu pamba haikuwepo, mashine zikapungua, na sisi tukaendelea kusoma volti peke yake kama wajinga. Humu ndani, kwa sababu ya umbea wangu wa kuhesabu mashine, nina namba zote mbili.

Tarehe 9 Juni: volti 0.6 kwa ampea 120. Omu 0.005.
Tarehe 23 Juni: volti 0.6 ile ile, lakini kwa ampea 60. Omu 0.01. Imekuwa mara mbili!
Tarehe 8 Julai, tuliyofurahi: volti 0.6 kwa ampea 40. Omu 0.015.
Tarehe 14: volti 0.8 kwa ampea 40. Omu 0.02.

Jointi imekuwa mbaya mara nne huku sisi tukisema imetulia. Ilipoa kwa sababu haikuwa na kazi, kama mgonjwa anayeonekana mzima akiwa amelala.

Kesho wakiwasha zote ni ampea 120. Mara omu 0.02, ni volti 2.4. Mara 120 tena, wati 288. Pale palipokuwa na balbu moja patakuwa na balbu nne, ndani ya sanduku dogo, kwenye mfereji uliojaa vumbi la pamba. Na jointi ikipata moto inazidi kulegea, ikilegea inazidi moto.

Nimerudia hesabu mara tatu, nikiomba nikute nimekosea. Sikukosea.

Jumatatu, 21 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee Mwandu. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, bhabha," akaitikia, nikamwonyesha daftari hata kabla hajavaa viatu. Akasoma kwa kidole. Akarudia. Nikamwona anazeeka mbele ya macho yangu.

"Kanuni ni yangu hiyo," akasema.

"Sote tulipima, Mzee. Twende kwa meneja."

Anatoli alitusikiliza amesimama. Akauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza kama nisingekuwa fundi: kama pana hatari, mbona fyuzi haikatiki? Nikamweleza kwamba fyuzi inahesabu ampea tu, na ampea hazina kosa. Jointi inakula volti kimyakimya, fyuzi haina habari.

"Kutengeneza ni muda gani?"

"Nusu siku, mstari ukiwa umezimwa. Na koleo la kubania lazima litoke Mwanza."

Akatuonyesha dirisha. Malori hamsini na kitu. Watu wanapika chai barabarani. Akasema akizima leo, wale wanageuza kwenda kwa wengine na hawarudi, na watu mia mbili wa hapa hawatakuwa na msimu. Hakusema kwa ukali; angefoka, angalau ningepata pa kumchukia. Akauliza kuna namna gani ya kuvuka mpaka Jumatano, koleo lifike.

Na mimi, Milembe, ndiye niliyesema mashine kumi na sita. Nilipiga hesabu pale pale mezani kwake: ampea 80, mara 0.02, volti 1.6, wati 128. Siyo 288. Nikajisikia mwerevu. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Saa nne nikapima. Ilikuwa 1.7. Anatoli akasema tusiandike kwenye rejesta, tutaandika Jumatano baada ya matengenezo, na tusiwatie watu hofu bure. Nikauacha mstari wa leo wazi. Sikubishana, mimi mbishi wa Bariadi nzima.

Jumanne, 22 Julai

Kumeungua. Ndaki kaungua. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 25 Julai

Nijaribu.

Saa tisa alasiri nilikuwa karakana. Nikasikia mashine zinabadilika sauti, zinazama, kisha kelele za watu. Nilipofika mlangoni moto ulikuwa umeshatoka mferejini na kupanda ukutani. Vumbi la pamba haliungui kama kuni, jamani. Linapita. Unaona mstari wa bluu unatembea juu ya sakafu, kisha kila kitu kinashika kwa pamoja. Nikakimbilia swichi kuu nikaizima, nikachukua mtungi wa kuzimia moto, ukatema povu kidogo ukaisha.

Watu walitoka wote isipokuwa Ndaki. Yeye kazi yake ni kufagia vumbi juu ya vifuniko vya mfereji, kwa hiyo alikuwa amesimama juu yake hasa.

Aliyeingia kumtoa ni Anatoli, yule niliyesema hajui kazi ya mikono. Alijifunika gunia lililoloweshwa akaingia, akasukuma komeo la mlango wa chuma kwa viganja vitupu, akatoka anamburuta Ndaki kwapani. Ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye komeo. Akampakia kwenye gari lake mwenyewe na kuliendesha kwa viwiko mpaka hospitali. Nilikuwa kiti cha nyuma nimempakata Ndaki miguu. Alikuwa anaongea, anauliza kama amefunga maji nyumbani.

Jumapili, 27 Julai

Ndaki amefariki asubuhi. Mke wake Veronica alikuwa naye. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje, kanga imekunjwa vizuri magotini, ananitazama kama ninakuja na dawa.

Jumatatu, 28 Julai

Wamezika jana hiyo hiyo jioni, Mwandoya. Sikwenda, nilijisingizia polisi wananihitaji.

Polisi hawakunihitaji. Wamekuta kiberiti mfukoni mwa suruali yake, kimeungua nusu. Wamechukua rejesta: Jumatatu zote chini ya volti moja, sahihi yangu kila mstari. Nimesikia mlinzi anamwambia mwenzake, "Si alikuwa anafokewa na Milembe kila siku? Sigara ndiyo imemla na kutula sisi." Neno langu la utani ndilo limekuwa ushahidi.

Jumatano, 30 Julai

Mzee Mwandu kaja nyumbani na kuku. Mzee wangu, kuniletea mimi kuku! Akakaa, akazungumza habari za mvua zilizopita, mwishowe akasema mkaguzi wa serikali anakuja wiki ijayo, na kwamba amebakiza miezi minne kustaafu.

"Marehemu haumii tena, mayu. Sigara ni neno tu. Sisi tuliobaki ndio tutaumia."

"Na Veronica?"

"Veronica ataolewa."

Nilimrudishia kuku wake. Miaka kumi na moja nilikuwa namwita bhabha na kumaanisha. Leo nilimfungulia mlango bila kumwita chochote, nikalia mpaka kichwa kikaniuma, si kwa Ndaki bali kwa ajili yake huyu aliye hai.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimepita kwa Anatoli. Mikono yake yote miwili imefungwa, dada yake anamlisha. Akasema jambo moja tu: ikiwa ni jointi, kiwanda kinafungwa na watu mia mbili wanarudi kwenye jembe; ikiwa ni sigara, mwakani tunawasha. "Nilimtoa kwa mikono hii," akasema. "Unadhani napenda kumsingizia?" Nikaondoka nikiwa simjui tena ni mtu gani. Sijijui na mimi.

Jumapili, 3 Agosti

Kuna kitu sikuandika tarehe 22. Nilikiruka makusudi, nikidhani daftari lisipokijua nami nitakisahau.

Siku ile, kama saa saba mchana, Ndaki alinifuata karakana. Hakuwa anatania. Akasema, "Dada Milembe, pale mferejini pananukia. Kama plastiki inayochemka."

Nilijua ni nini. Tulijua watatu tu katika kiwanda kizima, na anayesimama juu yake hakuwa mmoja wetu. Nikamwambia, "Ni vumbi kwenye rola. Nenda kafagie."

Akaenda akafagia.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao kilikuwa ofisini kwa meneja. Mkaguzi anaitwa Gharib, mtu mpole mwenye miwani, anaandika polepole. Akasoma rejesta kwa sauti: 0.6, 0.6, 0.6, 0.7, 0.6, 0.8. Akasema kwa takwimu hizi jointi ilikuwa salama, na kiberiti kinaeleza kilichobaki. Akauliza kama kuna mwenye la ziada.

Feni inazunguka. Mzee Mwandu anatazama viatu vyake.

Nikasimama. Nikasema, "Namba hizo ni za kweli, na ni uongo." Nikaenda kwenye ubao wa ratiba ya malori, nikafuta, nikaandika safu mbili, volti kushoto na ampea kulia. Nikagawanya mstari mmoja mmoja mbele yao. 0.005. Chini kabisa 0.02. Nikaongeza Jumatatu ambayo rejesta haina, 1.7 kwa 80, za mashine kumi na sita, na wati zake 136. Chaki ilikatika mara mbili.

Gharib akavua miwani. "Hii ya mwisho uliipata wapi?"

"Nilipima mwenyewe. Tarehe 21, saa nne."

"Ulijua, basi, siku moja kabla?"

"Mbili. Hesabu nilipiga Jumapili."

"Nani aliidhinisha mashine kumi na sita?"

Ningeweza kumtaja Anatoli. Viganja vyake vilikuwa mezani vimefungwa bandeji nyeupe. "Wazo lilikuwa langu," nikasema. "Sote watatu tulikubali." Kisha nikasema na la Ndaki kunifuata karakana, na nilivyomjibu. Hakuna aliyeniuliza hilo. Mzee Mwandu akanyanyuka akatoka nje, na hakurudi.

Gharib akafunga rejesta. Akasema lazima aninyang'anye leseni, na kwamba kiberiti atakifuta kwenye taarifa yake. Akaniomba daftari hili. Nikampa akapiga picha kurasa, akanirudishia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Watu wote wako Nyakabindi kwenye maonyesho. Mimi nimefua.

Jumatano, 13 Agosti

Kiwanda kimefungwa kwa kufuli la serikali. Jirani yangu, ambaye mume wake alikuwa mpakiaji, hakuniitikia salamu kisimani. Nikarudi na ndoo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda Mwandoya. Nilitaka Veronica asikie kutoka kwangu kabla hajasikia redioni au kwa watu. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika yakaniruka yote.

Kwao ni nyumba mbili za bati na uwanja uliofagiliwa. Alinipokea vizuri mno. Akanipa kigoda, akaniletea maji, akaitikia salamu zangu moja baada ya nyingine bila haraka. Mama mkwe wake alikuwa anapeta mtama pembeni. Nikasema sitakunywa maji kabla sijasema nilichojia.

Nikasema yote. Jointi, rejesta, kumi na sita, harufu, "nenda kafagie". Nilimweleza kwamba Ndaki hakuwasha kitu. Kwamba taarifa ya serikali itasema hivyo, kwa jina lake kamili. Mama mkwe akaacha kupeta.

Veronica akaanza kuzungumza, taratibu, kama anamweleza mtoto.

"Kule wodini waliniambia ni sigara. Nilimkasirikia, Milembe. Ana midomo imeungua, na mimi nimekasirika. Akawa ananitikisia kichwa, hapana, hapana. Nikadhani anaona aibu. Basi asubuhi ile nikamwinamia sikioni nikamwambia, nimekusamehe ile sigara, pumzika."

Akatazama mikono yake.

"Akafa nimemsamehe kosa ambalo hakulifanya. Mwenyewe alijua. Akanitikisia kichwa mpaka mwisho."

Nikasema, "Nisamehe, Veronica."

"Wabeja kwa kuja," akasema. "Jina lake umelisafisha, na nitawaambia watoto ni wewe uliyelisafisha. Lakini msamaha niliokuwa nao nilimpa yeye. Sina mwingine."

Akachukua bilauri ya maji ambayo sikuinywa, akaimwaga chini ya ukuta, akaingia ndani. Mama mkwe akarudi kupeta. Kwetu mgeni husindikizwa, hata adui husindikizwa mpaka njiani. Nikasubiri kidogo pale kwenye kigoda, kisha nikanyanyuka nikaenda stendi peke yangu.